Helikopta ya polisi Uingereza na haki yako ya kupata taarifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeishi Tottenham, Handsworth au Moss Side anaijua hali hii. Usiku wa manane helikopta inazunguka juu ya mapaa, taa yake inapita madirishani, na kufikia asubuhi kundi la WhatsApp la mtaa limejaa maneno. Huyu anasema ni mwizi, yule anasema ni msako wa uhamiaji, na mwingine anaapa kwamba mtaa wetu unapelelezwa. Uvumi unashika nafasi kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Majibu yaliyo hapa ni kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Uingereza, na kwa yeyote aliye nje anayetaka kujua sheria za huko zinavyofanya kazi. Haki ya kuuliza ipo, ni bure, na haiangalii uraia. Kinachoiangusha mara nyingi ni swali lililoandikwa ovyo, ndiyo maana nimelipa jambo hilo nafasi kubwa kuliko mengine.

Helikopta hizi ni za nani?

Kwa England na Wales, helikopta za polisi ziko chini ya huduma moja ya taifa, NPAS, iliyoanza kazi Oktoba 2012. Kabla ya hapo majeshi mengi ya polisi yalikuwa na helikopta zao, au yalishirikiana mawili matatu. Sasa majeshi yote 43 hutegemea huduma hiyo. Katika mpango ulioanzishwa 2012, mwenyeji wake ni West Yorkshire Police, na kituo cha kupokea miito na kuzituma ndege kiko Wakefield. Helikopta zenyewe ni za aina ya EC135 na EC145, na zipo pia ndege chache za mabawa aina ya Vulcanair P68R. Ndani ya helikopta hukaa watu watatu: rubani, ambaye kwa kawaida si askari, na maofisa wawili wanaoendesha kamera na kuzungumza na wenzao walio chini.

Kwa muulizaji, cha kushika hapa ni kwamba safari moja huacha nyaraka sehemu mbili. Jeshi la polisi lililoita helikopta, kwa mfano Metropolitan Police kwa London, lina kumbukumbu ya tukio lenyewe: nani alipiga simu, saa ngapi, kwa nini msaada wa angani uliombwa. NPAS ina kumbukumbu ya safari: iliruka saa ngapi kutoka kituo gani, ilikaa angani kwa muda gani, ilifika au ilirudishwa njiani. Ukimwuliza mmoja jambo lililoko kwa mwenzake, utajibiwa kwa ukweli kabisa kwamba hana.

Ilizunguka juu ya mtaa wetu juzi usiku. Nitajuaje ilikuwa inafanya nini?

Anza na njia nyepesi. Tazama kurasa za mitandao ya kijamii za polisi wa eneo lako, kisha piga 101 (si 999, hiyo ni ya dharura). Mara nyingi jibu huwa la kawaida kuliko uvumi: mzee mwenye maradhi ya usahaulifu ametoka nyumbani na hajarudi, gari limekataa kusimama, mshukiwa amekimbilia kwenye bustani za nyuma ya nyumba. Kutafuta watu waliopotea ni sehemu kubwa ya kazi ya helikopta hizi, kwa kuwa kamera ya joto humwona mtu aliyelala kichakani gizani pale ambapo askari wa miguu angempita.

Usipojibiwa, au ukitaka picha ya mwaka mzima badala ya usiku mmoja, hapo ndipo unapoandika ombi rasmi. Lakini kama tukio bado linachunguzwa au kesi iko mahakamani, subiri. Ukiuliza leo kuhusu msako wa jana unawapa polisi sababu nzuri ya kukataa, wakati swali hilohilo baada ya kesi kwisha lina nafasi kubwa zaidi ya kujibiwa.

Ni sheria gani inanipa haki hiyo?

Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005. Inakupa haki mbili: kuambiwa kama taarifa ipo au haipo, na kupewa ikiwa ipo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi.

Sina uraia wa Uingereza. Naruhusiwa?

Ndiyo. Sheria haisemi raia, haisemi mkazi, haisemi mwenye viza. Aliyeko Mombasa au Muscat ana haki ileile aliyonayo mkazi wa Leeds. Wala hutakiwi kueleza kwa nini unataka taarifa, na wao hawatakiwi kukuuliza kama sharti la kukujibu.

Inachotaka ni vitu vitatu: ombi liwe la maandishi, liwe na jina lako halisi na anwani ya kukujibia (barua pepe inatosha), na lieleze taarifa unayotaka. Ukitumia jina la kubuni, wana haki ya kutolihesabu kuwa ombi halali. Nasisitiza hili kwa sababu najua ndugu wengi huogopa kuandika jina lao kwenye barua inayokwenda polisi. Hofu hiyo naielewa. Kama inakuzuia, mwombe rafiki, kiongozi wa jumuiya au mwandishi wa habari aulize kwa jina lake. Taarifa ya umma ni ileile, awe ameiomba nani.

Kuhusu lugha, andika kwa Kiingereza, au Kicymru ukiwa Wales. Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinatosha, na mtoto wa sekondari anaweza kukusaidia. Hahitajiki wakili.

Ni taarifa zipi zina uwezekano mkubwa wa kutolewa?

Takwimu za mambo yaliyokwisha pita: helikopta ilitumwa mara ngapi katika eneo fulani kwa kila mwezi, ilikaa angani saa ngapi, matukio yalikuwa ya aina gani, ni miito mingapi ilifutwa kabla helikopta haijafika. Fedha pia: gharama za mafuta na matengenezo, na kiasi ambacho jeshi lako la polisi lililipa kwa huduma hiyo katika mwaka wa fedha. Idadi ya malalamiko ya kelele na hatua zilizochukuliwa. Sera na miongozo, kama vile muda wa kuhifadhi video na nani anaruhusiwa kuzitazama.

Hili la miito iliyofutwa lina uzito. Novemba 2017 wakaguzi wa polisi wa England na Wales walitoa uchunguzi wao kuhusu huduma ya angani, wakasema kwamba sehemu kubwa ya miito ilikuwa inafutwa kabla ndege haijafika, na kwamba mfumo ulivyokuwa usingeweza kudumu kifedha. Vituo vilikuwa vimepunguzwa, kwa hiyo maeneo mengine yalisubiri muda mrefu kuliko mengine. Mwananchi anayeuliza leo helikopta inachukua dakika ngapi kufika kwao anauliza jambo ambalo wakaguzi wa serikali wenyewe waliliona ni tatizo, na anaweza kusema hivyo katika ombi lake.

Na zipi zitakataliwa?

Kuna vifungu kadhaa vya kuzuia. Kwa helikopta, hivi ndivyo utakavyokutana navyo.

Kifungu cha 31 kinalinda utekelezaji wa sheria. Hapa ndipo polisi husema kwamba wakikupa orodha ya saa na mahali pa kila safari, wahalifu watajua helikopta haipatikani lini na wapi. Hoja yao haihusu ombi lako peke yake. Wanasema kipande kimoja ulichopewa wewe, kikiunganishwa na kipande alichopewa mwingine mwaka jana, kinatoa picha nzima. Kifungu cha 30 ni cha uchunguzi wa makosa. Cha 40 ni cha taarifa binafsi: usitarajie majina ya marubani wala anwani ya nyumba iliyosakwa. Cha 38 kinahusu usalama na afya ya watu. Cha 43 ni cha siri za biashara, na hujitokeza ukiulizia mikataba ya matengenezo. Cha 24 ni cha usalama wa taifa, na cha 23 kinafunga kabisa chochote kilichotoka kwenye idara za usalama au kinachozihusu.

Vifungu hivi haviko sawa. Cha 23 ni ukuta: hakuna cha kupima. Lakini 24, 30, 31, 38 na 43 vyote vina kipimo cha maslahi ya umma, yaani polisi hawatakiwi kuishia kusema kwamba kuna madhara. Ni lazima wapime madhara hayo dhidi ya faida ya umma kujua, na wakuandikie sababu zao. Jibu linalotaja kifungu tu bila kueleza upimaji huo halijakamilika, na hiyo peke yake inatosha kuomba lipitiwe upya.

Kwa maoni yangu hoja ya vipande kuunganishwa ina ukweli ndani yake kwa safari za wiki iliyopita, saa kwa saa. Kwa jumla za mwezi za miaka miwili nyuma, katika eneo lenye watu laki mbili, inalegea sana. Ndiyo maana ombi la jumla za zamani hupita pale ambapo ombi la orodha kamili hukwama.

Wamenijibu kwamba “hawathibitishi wala hawakanushi”. Maana yake nini?

Maana yake wanakataa hata kusema kama taarifa hiyo ipo. Sheria inaruhusu hilo pale ambapo neno “ndiyo” au “hapana” lenyewe lingefichua kitu. Ukiuliza kama helikopta ilitumika kumfuatilia mtu fulani au jengo fulani, jibu “hapana” kwako leo lingefanya ukimya wao kwa mwingine kesho usomeke kama “ndiyo”. Kwa hiyo hujibu hivyo kwa wote, hata pale ambapo hakuna kilichofanyika.

Najua jibu hili linavyochoma, hasa kwa watu wa msikiti au kanisa waliouliza kwa nia njema kwa nini helikopta ilikaa juu yao wakati wa ibada. Usilichukue kama kukiri. Badilisha swali: acha kutaja jengo, uliza idadi ya safari katika eneo lote la halmashauri kwa miezi hiyo, na aina za matukio kama zilivyoandikwa. Kwa jumla hizo, kukataa hata kusema zipo au hazipo kunakuwa vigumu zaidi kukitetea.

Wameniambia ombi langu ni ghali mno. Nalipa?

Hulipi. Wana haki ya kukataa. Kwa polisi kikomo ni pauni 450, zinazohesabiwa kwa pauni 25 kwa saa, yaani saa 18 za kazi ya mtu mmoja. Muda unaohesabiwa ni wa kuangalia kama taarifa ipo, kuitafuta, kuitoa mahali ilipo na kuichambua kutoka kwenye nyaraka nyingine. Muda wa kufikiria kama waitoe au wafute majina hauingii kwenye hesabu hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba polisi watafanya kazi ya saa 18 kisha watume walichofikia. Sivyo. Kikomo kikivukwa wanaweza kukataa ombi zima, hata swali jepesi lililokuwa ndani yake. Unaweka maswali nane kwenye barua moja, la nane linahitaji mtu afungue mafaili elfu tatu kwa mkono, na yote manane yanaanguka pamoja. Tena, kuyagawa katika barua nane za siku moja hakusaidii, kwa sababu maombi yanayofanana yakitumwa ndani ya siku 60 za kazi huruhusiwa kujumlishwa.

Lakini kifungu cha 16 kinawalazimisha kukusaidia. Wakisema ni ghali, waulize: je, mfumo wenu wa kompyuta unaweza kutoa nini bila kufungua faili moja moja? Swali hilo moja lina thamani kubwa. Mara nyingi aina ya tukio, tarehe na jeshi lililoomba vimo kwenye mfumo tayari, wakati “matokeo ya safari” au “kama mtu alikamatwa” yamo kwenye maelezo ya maandishi ambayo ni lazima mtu ayasome.

Nipe mfano wa ombi zuri.

Hili hapa. Ligeuze kwa Kiingereza na ubadilishe eneo na tarehe:

“Kwa mujibu wa Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000, naomba taarifa zifuatazo kwa kipindi cha 1 Januari hadi 31 Desemba 2023. Moja, idadi ya mara helikopta ya polisi ilipotumwa katika eneo la halmashauri ya Haringey, kwa kila mwezi. Mbili, aina ya tukio kama ilivyoandikwa katika mfumo wenu, kwa jumla za mwaka. Tatu, idadi ya miito iliyofutwa kabla ndege haijafika. Naomba jibu katika lahajedwali (spreadsheet). Ikiwa ombi hili litavuka kikomo cha gharama, naomba mnishauri namna ya kulipunguza. Na ikiwa haliwezi kupunguzwa, naomba mlihesabu swali la kwanza peke yake kuwa ndilo ombi langu.”

Tazama linachofanya. Lina kipindi chenye mwanzo na mwisho. Linaomba jumla, si mienendo ya safari moja moja. Linaomba vitu kama vilivyoandikwa, kwa sababu sheria inakupa kumbukumbu zilizopo na haiwalazimishi kutunga maoni mapya. “Kwa nini mnapenda kuruka kwetu?” si ombi la taarifa. “Naomba vigezo vinavyotumika kuamua helikopta itumwe” ni ombi, kwa kuwa vigezo hivyo vimeandikwa mahali.

Hasira yako, hata kama ni ya haki, ipeleke kwenye barua ya malalamiko. Ombi lililojaa matusi au linalorudiwa kila wiki linaweza kukataliwa kama la usumbufu.

Kabla ya kutuma, tazama tovuti ya NPAS uone maombi yanapokelewa na nani, kwa sababu mwenyeji wa huduma anaweza kubadilika.

Mimi shida yangu ni kelele. Kuna njia nyingine?

Ipo, na wachache sana wanaijua. Kelele ni taarifa ya mazingira kisheria. Kwa hiyo unaweza kuomba chini ya Kanuni za Taarifa za Mazingira za 2004, badala ya Sheria ya Uhuru wa Habari. Ukiulizia vipimo vya kelele, mafuta yaliyochomwa, moshi uliotolewa au sera ya kupunguza usumbufu kwa wakazi, zitaje kanuni hizo.

Faida zake ni tatu. Kanuni zinaanza na dhana kwamba taarifa itolewe, na anayekataa ndiye mwenye mzigo wa kueleza. Hakuna kikomo cha saa 18, ingawa ombi kubwa kupita kiasi linaweza kukataliwa kwa kukosa busara. Na unaweza kuomba hata kwa mdomo, jambo linalowafaa wazee wasioandika. Ila andika kumbukumbu ya siku na saa uliyopiga simu. Muda ni siku 20 za kazi, na unaweza kuongezwa hadi 40 kwa ombi kubwa na gumu.

Nina hakika kamera ilinipiga nikiwa kwangu. Nitaiona video?

Hilo si ombi la uhuru wa habari. Taarifa inayokuhusu wewe mwenyewe huombwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2018: unathibitisha wewe ni nani, unataja siku, saa na mahali, na wao wana mwezi mmoja wa kujibu. Ni bure. Wanaweza kuzuia sehemu ikiwa itaharibu uchunguzi au itafichua watu wengine waliomo. Usikawie, kwa sababu video zisizo na thamani ya ushahidi hufutwa kwa ratiba, na baada ya hapo hakuna sheria itakayoirudisha.

Wanaoona swali hili ni la woga wakumbuke South Yorkshire. Mwaka 2017 mahakama ya Sheffield ilisikiliza kesi ya video zilizopigwa kati ya 2007 na 2012 kutoka helikopta ya polisi: watu waliokuwa wakiota jua uchi, na wenzi waliokuwa wakifanya mapenzi, wote wakiwa kwenye faragha yao. Askari mmoja wa zamani alikiri kosa la kutumia vibaya wadhifa wa umma akafungwa mwaka mmoja. Washtakiwa wengine wanne, askari na marubani, hawakukutwa na hatia. Hata kabla ya hukumu hiyo, Julai 2015, akaunti ya helikopta ya polisi ya London ilitupia mtandaoni picha ya mchekeshaji maarufu aliyekuwa barabarani London, na Kamishna wa Habari, msimamizi wa sheria hizi za taarifa, akaanza kuuliza maswali. Kamera hizi huona mbali sana. Kuuliza nani anazitazama, na video zinakaa muda gani, ni haki ya kila aliye chini yake.

Siku 20 zimepita na sijajibiwa. Nifanye nini?

Hesabu vizuri kwanza. Siku ya kwanza ni siku ya kazi inayofuata ile waliyopokea ombi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, na sikukuu ya benki ya sehemu yoyote ya Uingereza inatosha kuiondoa siku hiyo. Kwa hiyo hata Mtakatifu Patrick ya Ireland Kaskazini, tarehe 17 Machi, haihesabiwi kwa anayeandika kutoka London.

Kama muda umepita kweli, waandikie mstari mmoja wa kukumbusha. Wakinyamaza bado, nenda kwa Kamishna wa Habari. Kama wamejibu lakini wamekataa, lazima kwanza uombe mapitio ya ndani: mtu mwingine ndani ya taasisi hiyo atalitazama upya. Taja hasa unachopinga, kwa mfano “hamjaeleza upimaji wa maslahi ya umma” au “taarifa ni ya miaka mitatu nyuma na ni jumla tu”. Wasiporidhisha, peleka malalamiko kwa Kamishna mapema. Uamuzi wake nao unaweza kukatiwa rufaa kwenye baraza la rufaa za habari ndani ya siku 28. Hatua zote hizi hazina ada.

Lipo pia kosa la jinai chini ya kifungu cha 77: kufuta, kuficha au kubadilisha kumbukumbu baada ya kuombwa ili mwombaji asizipate.

Helikopta ikianguka, umma unaambiwa nini?

Hapa Uingereza imejitahidi. Ajali za ndege huchunguzwa na kitengo maalumu, AAIB, kisicho chini ya polisi, na ripoti zake husomwa na yeyote. Tarehe 29 Novemba 2013 helikopta EC135 iliyokuwa ikihudumia Police Scotland iliangukia baa ya Clutha mjini Glasgow. Watu 10 walikufa: watatu waliokuwa ndani yake na saba waliokuwa baa. Ripoti ya Oktoba 2015 ilieleza kwamba injini zote mbili zilizimika kwa kukosa mafuta ilhali mafuta yalikuwemo kwenye tangi kuu, kwa kuwa pampu za kuyahamisha zilikuwa zimezimwa. Helikopta hiyo haikuwa na kinasa safari, kwani sheria ya wakati huo haikuidai, na wachunguzi wakapendekeza helikopta za polisi ziwe navyo. Familia za marehemu zilisubiri hadi 2019 uchunguzi wa kimahakama ukamilike. Bila ripoti hiyo ya wazi, swali la kinasa safari lisingefika mezani kwa wanaotunga kanuni.

Naweza kuifuatilia kwenye simu?

Kwa kiasi. Ndege nyingi hutangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, na tovuti kama Flightradar24 na ADS-B Exchange huonyesha mawimbi hayo. Baadhi ya ndege za polisi hufichwa kwenye tovuti fulani. Herufi za usajili zinazoanza na G unaweza kuzitafuta kwenye daftari la ndege la mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, ambalo liko wazi.

Kazi nzuri ya njia hii ni kupata saa na usajili kamili ili ombi lako liwe jembamba. Haitakuambia sababu ya safari. Tafadhali usirushe kwenye makundi mahali helikopta ilipo wakati msako unaendelea. Pengine kuna mtoto anatafutwa, au mtu mwenye silaha yuko mtaa wa pili. Na kusikiliza redio za polisi ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Redio ya 2006.

Kuna njia ya kuona hesabu zenyewe, ankara na mikataba?

Ipo. Sheria ya Ukaguzi wa Serikali za Mitaa ya 2014 inafungua dirisha la siku 30 za kazi kila mwaka, ambapo mtu mwenye maslahi katika hesabu, au mwandishi wa habari, anaweza kukagua vitabu na ankara za mwaka huo. Mamlaka za polisi nazo zimo. Tarehe hutangazwa kwenye tovuti zao, kwa kawaida majira ya kiangazi. Jumuiya yenye mhasibu mmoja anayejitolea inaweza kujifunza mengi hapo kuliko kwa maombi kumi.

Niko Scotland au Ireland Kaskazini.

Police Scotland wana kitengo chao cha angani Glasgow, na wako chini ya sheria ya Scotland ya 2002. Kikomo cha gharama kwao ni pauni 600, na rufaa huenda kwa Kamishna wa Scotland aliyeko St Andrews. Ireland Kaskazini polisi wana ndege zao, lakini sheria ni ileile ya 2000.

Na nyumbani? Kenya na Tanzania zina kitu kama hiki?

Zina. Kenya, Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaweka siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Wakenya wana sababu ya kuuliza kuhusu helikopta za polisi: tarehe 10 Juni 2012 mojawapo ilianguka Ngong ikamwua waziri George Saitoti, msaidizi wake Orwa Ojode na watu wengine wanne, na tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal ikasikiliza ushahidi hadharani. Tanzania Bara ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, yenye siku 30. Tofauti kubwa na Uingereza ni kwamba nchi hizi mbili zinatoa haki hiyo kwa raia. Mkenya au Mtanzania aliyeko Reading bado ni raia, na anaweza kuandika kutoka hukohuko.

Ombi langu litaonekana na watu wote?

Ukituma kwa barua pepe yako, hapana. Jibu linaweza kuwekwa kwenye tovuti yao, bila jina lako. Ukitumia WhatDoTheyKnow, tovuti ya hisani iliyoanza 2008, ombi, jina na majibu yote hubaki wazi mtandaoni. Uwazi huo una faida: unaweza kusoma maombi ya wengine, ukaona yapi yalipita na kwa maneno gani, na aliye Leicester akatumia jibu lililopatikana Cardiff. Tafuta hapo kwanza. Huenda lahajedwali unayoitaka ilishatolewa mwaka jana, na imebaki kuongezewa miezi ya mwaka huu.

Wamenitumia lahajedwali iliyojaa vifupisho nisivyovielewa.

Jibu barua pepe hiyohiyo uombe ufafanuzi wa kila kifupisho na kila safu. Chini ya kifungu kilekile cha 16 wana wajibu wa kukusaidia, na kwa kawaida hujibu hilo ndani ya siku chache. Uliza hasa kama “safari” moja kwenye jedwali ni kuruka kumoja au ni tukio moja, maana helikopta ikiruka mara moja inaweza kupita kwenye matukio matatu, na ukikosea hapo jumla yako itakuwa mara tatu ya ukweli kabla hujaipeleka kwenye mkutano wa mtaa.